Usingizi wa Rubani na Salama ya Abiria

Katika kata ya Nsemulwa, iliyo sehemu ya mji wa Mpanda mkoani Katavi, safari ya Dar es Salaam kwa muda mrefu ilihesabiwa kwa siku, kwa kuwa aliyetaka kwenda pwani alipanda garimoshi hadi Kaliua, akaunga na Reli ya Kati kupitia Tabora na Dodoma, na alipowasili alihitaji siku nyingine ya kupumzisha maungo kabla ya kushughulikia lililompeleka. Leo kiwanja cha ndege cha Mpanda hupokea ndege ya Air Tanzania ya aina ya Dash 8 Q400, yenye mapangaboi mawili, na masafa ya kilomita karibu 900 kwa mstari ulionyooka hukatwa kwa saa chache. Mgonjwa anayekwenda Muhimbili, mfanyabiashara wa mpunga, mwanafunzi wa chuo na ofisa wa serikali huketi safu moja na kushukia Dar es Salaam siku ile ile. Ni neema ambayo haifai kubezwa. Hata hivyo, abiria anapofunga mkanda huwaza injini, matairi, na mawingu ya masika yaliyotanda juu ya miombo, na aghalabu halimjii swali lililo kubwa kuliko hayo yote, nalo ni hili: wale wawili walioketi mbele, nyuma ya mlango uliofungwa, usiku wa jana walilala kwa muda gani.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na mkataba uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, hueleza uchovu wa watumishi wa ndege kuwa ni hali ya kupungukiwa na uwezo wa akili au wa mwili kutokana na kukosa usingizi, kukesha kwa muda mrefu, kufanya kazi katika saa ambazo mwili hudai kulala, au uzito wa kazi yenyewe. Mkulima aliyeshinda na jembe huujua uchovu wake, kwa sababu mgongo humwambia. Lakini uchovu wa akili una hila, kwani kiungo kinachopaswa kuutambua ndicho kilichochoka, na mtu aliyepungukiwa na usingizi kwa siku kadhaa huuzoea upungufu huo hata akadhani kuwa ndiyo siha yake ya kawaida. Mtu wa namna hiyo husahau alichoambiwa punde, huchelewa kujibu, hung'ang'ania shauri alilokwisha kulikata hata dalili zikimwonyesha kuwa amekosea, na jicho lake huganda juu ya kipimo kimoja ilhali vingine vinamwita.

Nguvu mbili hutawala usingizi wa binadamu. Ya kwanza huongezeka kwa kila saa ambayo mtu yu macho, na haiondolewi na kahawa wala na ujasiri, ila na kulala tu. Ya pili ni saa iliyomo mwilini, inayofuata jua na giza, ambayo huushusha ufahamu hadi chini kabisa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Wakulima wa Katavi wanaolinda mashamba yao dhidi ya tembo na viboko wanaijua nguvu hii pasipo kusomeshwa: mlinzi aliyekesha vema tangu magharibi, akipiga debe na kuchochea moto, hushindwa karibu na alfajiri, wakati ule ule ambao mnyama hupita. Zinapokutana nguvu hizo mbili, mtu huweza kuchukuliwa na lepe la sekunde tatu au tano, pengine macho yakiwa wazi, na asijue hata baadaye kwamba alikuwa amelala. Ndege inayokaribia kutua huenda mita zipatazo 60 kwa kila sekunde. Lepe la sekunde tano basi ni mita 300 ambazo ndege imekwenda bila ya mwenye kuiongoza.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo tangu hapo limetajwa kila yanapojadiliwa mambo haya. Waliwapima watu waliokesha na watu walionyweshwa pombe kwa kipimo kimoja cha wepesi wa mkono na jicho, wakaona kwamba aliyekaa macho kwa saa 17 alifanya kazi kama mtu mwenye kiasi cha asilimia 0.05 ya pombe katika damu, na aliyekesha siku nzima ya saa 24 alifanya kazi kama mwenye kiasi cha asilimia 0.10 hivi. Lau rubani angepanda ngazi za ndege akinuka pombe, abiria wangepiga kelele, polisi wangeitwa, na leseni yake ingechukuliwa kabla jua halijachwa. Lakini rubani aliyekesha hupanda ngazi zile zile amenyoosha mavazi yake, akisalimu watu kwa adabu, na hakuna anayemzuia.

Ilichukua muda mrefu kabla ya uchovu kutajwa waziwazi kuwa chanzo cha ajali, kwa kuwa chuma kilichovunjika huonekana na tairi lililopasuka huokotwa, lakini usingizi hauachi mabaki. Tarehe 18 Agosti 1993 ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilianguka ikijaribu kutua Guantanamo, kisiwani Cuba. Watu watatu waliokuwamo walijeruhiwa vibaya, lakini waliokoka, na wachunguzi wa Marekani walipowahoji na kuhesabu saa zao wakakuta kwamba rubani mkuu alikuwa macho kwa saa 23 na zaidi, mhandisi wa ndege kwa saa 21, na rubani msaidizi kwa saa 19. Rubani mkuu alikuwa ametafuta kwa macho taa iliyowekwa kuonyesha mpaka, akaitafuta bila kuipata, na wakati akiitafuta mwendo wa ndege ukawa unapungua huku wenzake wakimwonya bila ya yeye kuyatia maanani maonyo yao. Kwa mara ya kwanza bodi ya uchunguzi ya nchi ile iliandika uchovu miongoni mwa sababu zenyewe za ajali.

Ajali ya Mangalore inawagusa watu wetu kwa karibu zaidi, kwa kuwa ndege iliyohusika ilitoka Dubai, mji ambao jamaa zetu wengi wa pwani na wa bara huuendea kwa biashara na riziki, na abiria wake walikuwa watu wa namna yao. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Mei 2010, ndege ya Air India Express aina ya Boeing 737-800 iliondoka Dubai ikiwa na watu 166, wengi wao wafanyakazi waliokuwa wakirudi kwao. Kinasa sauti kilichopatikana baadaye kilikuwa na saa mbili na dakika chache za mwisho za safari, na katika muda huo rubani mkuu alisikika amelala kwa zaidi ya saa moja na nusu, akikoroma, akaamka muda mfupi tu kabla ya kuanza kushuka. Hapa msomaji na azingatie jambo ambalo wengi hawalijui: mtu aliyeamka ghafla kutoka katika usingizi mzito hazipati akili zake zote mara moja, bali kwa dakika kadhaa, na pengine hata nusu saa, hukumu yake huwa dhaifu kuliko ya mtu aliyechoka lakini hakulala. Ndege ilikuwa juu mno na ilikuwa ikienda kasi mno. Rubani msaidizi alimhimiza mkubwa wake mara tatu aache kutua, apae tena na kuzunguka. Mkubwa hakusikia, au alisikia na hakubadili shauri. Ndege iligusa ardhi mbali sana ndani ya njia ya kutulia, nayo njia hiyo imejengwa juu ya kilima kilichosawazishwa, ikapita mwisho wake, ikatumbukia bondeni na kuwaka moto. Watu 158 walikufa, wanane wakaokoka.

Ninaitazama ajali hiyo kwa muda mrefu kuliko nyingine kwa sababu inaonyesha jinsi uchovu unavyopenya hata pale palipo na kinga. Ndege ilikuwa nzima, watu wawili walikuwapo mbele kama sheria inavyotaka, na mmoja wao aliona kosa na akalisema. Lakini heshima ya mdogo kwa mkubwa, ambayo katika maisha ya kila siku ni jambo jema na sisi Waswahili tunalithamini kwa haki, ilimfunga mikono yule aliyekuwa macho asiuchukue usukani kwa yule ambaye akili yake ilikuwa bado imelala nusu. Kampuni nyingi leo huwafundisha marubani wadogo maneno ya kusema na wakati wa kuyasema, na huwafundisha wakubwa kwamba kusahihishwa na mdogo angani hakuondoi taadhima ya mtu.

Yapo na matukio ambayo Mungu aliyafunika kwa salama. Tarehe 15 Agosti 2022 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737-800 iliyotoka Khartoum ilifika juu ya Addis Ababa ikiwa bado katika kimo cha futi 37,000, haikushuka ilipopaswa, na waongoza ndege waliita bila ya kujibiwa. Taarifa zilizoenea zilisema kwamba marubani walikuwa wamelala, na kwamba waliamshwa na king'ora cha mtambo unaoiongoza ndege ulipojizima. Ndege iliikalia njia yake upya na kutua salama, na kampuni iliwaondoa kazini watumishi hao kwa muda ili uchunguzi ufanywe. Tarehe 25 Januari 2024, huko Indonesia, marubani wawili wa ndege ya Batik Air iliyokuwa ikitoka Kendari kwenda Jakarta walilala kwa wakati mmoja kwa dakika 28. Rubani mkuu alikuwa ameomba kupumzika na mwenzake akamkubalia, kisha na yeye msaidizi akachukuliwa na usingizi; wachunguzi walieleza kwamba alikuwa na watoto pacha wa mwezi mmoja nyumbani, ambao yeye na mkewe waliwaamkia usiku. Sioni sababu ya kumlaumu baba anayewaamkia wanawe. Nauona humo ukweli ambao wapangaji wa zamu husahau, kwamba saa za mapumziko zilizoandikwa katika karatasi si lazima ziwe saa za kulala, na kwamba mtumishi huja kazini na nyumba yake.

Huenda mkazi wa Nsemulwa akasema kwamba hayo ni mambo ya ndege kubwa zinazovuka bahari usiku, na kwamba ndege yetu huja mchana na kuondoka mchana. Ajali ya Buffalo ni jibu la neno hilo. Tarehe 12 Februari 2009 Dash 8 Q400, ndege ya aina ile ile inayotua Mpanda, ilikuwa katika safari fupi kutoka Newark kwenda Buffalo nchini Marekani, ikisafirishwa na kampuni ndogo ya Colgan Air. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili afike kazini. Rubani mkuu alilala katika chumba cha kupumzikia watumishi kiwanjani, mahali ambapo hapana kitanda wala faragha. Walipokaribia kutua waliuacha mwendo wa ndege upungue kupita kiasi bila ya kutambua, na usukani ulipotikisika kumwonya, rubani mkuu aliuvuta kwake badala ya kuusukuma mbele, ndege ikakosa nguvu ya kuelea, ikaangukia nyumba. Wote 49 waliokuwamo walikufa, na mtu mmoja nyumbani humo. Wachunguzi walitaja kosa hilo la rubani mkuu kuwa chanzo, na wakasema kwamba yaelekea uchovu uliwapunguzia wote wawili uwezo wao, ingawa haukuweza kupimwa kiasi chake. Jamaa za waliokufa hawakukaa kimya: walikwenda katika bunge la nchi yao mara kwa mara hata sheria mpya ikapitishwa mwaka 2010, na kanuni zilizotokana nayo, zilizoanza kutumika Januari 2014, zikampa rubani wa abiria mapumziko yasiyopungua saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa.

Safari fupi ina taabu yake. Rubani wa safari ya masafa marefu huruka mara moja na kutua mara moja. Yule wa safari za ndani huweza kuruka na kutua mara nne, tano au sita kwa siku, na kuruka na kutua ndiyo sehemu za safari zinazodai akili nyingi kuliko zote. Kama ndege huondoka Dar es Salaam saa kumi na mbili asubuhi, watumishi wake hawana budi kuwa kiwanjani mapema zaidi, na anayekaa mbali, kwa kuogopa foleni, huamka saa tisa au hata saa nane, yaani huukata usingizi katika sehemu yake iliyo nzito. Kisha hukaa ardhini mchana katika joto la bara, husikia kelele za injini siku nzima, na hushughulika na mvua zinazobadilika kutoka kituo hadi kituo. Katika msimu wa kiangazi, wageni wanapomiminika kuona viboko na simba katika Hifadhi ya Katavi, ndege ndogo zinazotua katika kiwanja cha Ikuu huenda zikaongozwa na rubani mmoja peke yake, asiye na mwenzake wa kumwambia kwamba amesinzia. Sisemi haya kumtuhumu yeyote anayeruka katika anga yetu. Nasema kwamba mwili wa rubani wa Katavi haukuumbwa tofauti na ule wa rubani wa Buffalo.

Sheria za kuwapumzisha marubani si jambo la jana. Marekani iliweka kikomo cha saa 85 za kuruka kwa mwezi tangu mwaka 1934. Uingereza ilimpa Douglas Bader, rubani mashuhuri wa vita aliyeruka kwa miguu ya bandia, dhima ya kuongoza kamati iliyotoa taarifa yake mwaka 1973, na kanuni zilizofuata mwaka 1975 ziliigwa na nchi nyingi zilizokuwa na uhusiano nayo. Kwetu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo yenye kukagua kampuni na saa za watumishi wake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga wenye makao Entebbe, ulioanzishwa ili kanuni za nchi wanachama zifanane. Tangu mwaka 2011 kanuni za kimataifa zimeongeza njia ya pili, ambapo kampuni, badala ya kuhesabu saa peke yake, huchunguza kwa ilimu ni zamu zipi zinazowachosha watu wake na kuzirekebisha. Hata lepe lenyewe limepewa nafasi yake: uchunguzi uliochapishwa na NASA mwaka 1994 ulionyesha kwamba marubani waliopewa dakika 40 za kupumzika kwa zamu katikati ya safari ndefu, wakalala kwa wastani wa dakika 26, walikuwa macho zaidi wakati wa kutua kuliko wasiopewa, na nchi kadhaa sasa huruhusu jambo hilo kwa masharti, mmoja akilala na mwingine akiwa macho, na mlalaji akiamshwa mapema vya kutosha.

Wala dhima haiishii kwa marubani. Wahudumu wanaotugawia maji na biskuti ndio watakaofungua milango siku ya hatari, na ndege kubwa ya abiria haipewi idhini mpaka ithibitike kwamba watu wote waweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu ya milango tu. Mhudumu aliyechoka hupoteza sekunde hizo akikumbuka la kufanya. Fundi naye hufanya kazi usiku ndege zikiwa zimelala. Mwezi Juni 1990 kioo cha mbele cha ndege ya British Airways kiling'oka angani kwa kuwa kilikuwa kimefungwa kwa parafujo zisizolingana, kazi iliyofanywa saa za kabla ya alfajiri huko Birmingham, na rubani mkuu akavutwa nje nusu ya mwili. Wenzake walimshika miguu mpaka ndege ikatua, naye akaishi.

Lililo gumu kuliko kanuni ni woga. Rubani anayesema, "Leo sikulala, sifai kuruka," huwaza ujira wake, cheo chake, na uso wa bwana wa zamu, na pale ambapo aliyesema ukweli aliwahi kuadhibiwa, wengine wote hujifunza kunyamaza. Kampuni iliyo na insafu hupokea neno hilo kama inavyopokea taarifa ya injini yenye hitilafu: huliandika, humpumzisha mtu, na huuliza ni zamu gani iliyomfikisha hapo. Abiria wa basi la Mpanda anaweza kumwona dereva wa pili, na akimwona dereva wa kwanza anasinzia humsemesha au humkemea. Tena mabasi yaliporuhusiwa upya kusafiri usiku mwaka 2023, mazungumzo juu ya basi kuwa na madereva wawili yalikuwa midomoni mwa watu wote. Abiria wa ndege hana uwezo huo. Mlango umefungwa, na dhamana yake yote imo katika uaminifu wa watu asiowaona.

Kwa sababu hiyo nawaomba wasomaji wangu, na hasa wale wa Nsemulwa na mitaa jirani wanaokitegemea kiwanja cha Mpanda, jambo moja lililo katika uwezo wao. Siku itakapotangazwa kwamba ndege imechelewa au imeahirishwa kwa kuwa watumishi wake wametimiza saa zao za kazi, msiwazingire wafanyakazi wa kaunta kwa matusi, na wenye vyeo wasipige simu kutaka ndege iruke. Daini chakula, malazi na nauli yenu kama ilivyo haki yenu, na iulizeni kampuni kwa nini haikuweka watumishi wa akiba. Lakini rubani aliyekataa kuruka kwa sababu ya uchovu mwacheni akalale.